Tumekula, Alhamdulillah

Kabla ya yote naomba mnisamehe kwa hati yangu mbaya na makosa ya herufi. Maneno yangu hayakai juu ya mstari, na pengine nimeandika neno nikalikata, kisha nikaliandika tena vilevile lilivyokuwa. Nimesoma mpaka darasa la nane tu. Ukurasa mmoja hunila asubuhi nzima, kwa sababu kila sentensi huisema kwanza kwa mdomo, nikaisikiliza, ndipo nikaiandika. Mtu atakayepiga chapa haya nimemwomba asahihishe herufi lakini maneno ayaache, na asitie jina langu wala la mtu yeyote. Si kwamba kuna jambo kubwa. Ni aibu tu, na aibu yenyewe ni ya chakula.

Nitaanza na Kiingereza, maana bila Kiingereza haya yasingetokea.

Kwetu ni Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani na bibi yangu, mama yake mama. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufunga, na mama na dada yangu mkubwa walikuwa na shamba la kutazama, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Nilimpeleka msalani, nilimpa vidonge vyake vya sukari kila alfajiri, nilimwambia nani amepita mlangoni. Sikuona vibaya. Mtu mwenye haya kama mimi hupenda kazi ya ndani.

Kisha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa bara, akaanzisha darasa la Kiingereza baada ya alasiri kwa sisi tulioachia njiani. Tulikuwa wanawake watupu. Tulikaa katika chumba cha darasa la pili, na viti vilikuwa vidogo hata magoti yakatufika kifuani. Mimi nilichukua kiti cha nyuma karibu na dirisha. Nikiulizwa swali sauti yangu ilitoka ndogo, mwalimu akasogea ili aisikie, na alipokuwa akisogea ikapotea kabisa.

Siku moja alitufundisha kusema jambo lililokwisha kutendeka lakini alama yake ipo bado. Aliandika ubaoni: I have eaten. Akasema hii ni kama ile "me" yetu katika nimekula. Ulikula saa ngapi si neno, alisema. Neno ni kwamba sasa hivi umeshiba. Halafu akatuuliza kwa pamoja, "Have you eaten?" nasi tukaitikia kwa sauti ya madrasa, "Yes, I have eaten." Ilikuwa Ramadhani. Midomo yetu ilikuwa imekauka, na darasa zima linasema limekula.

Bi mmoja wa mbele, mwenye wajukuu wake, akasema taratibu, "Mwalimu, leo umetufuturisha mapema."

Tulicheka mpaka viti vikalia. Mwalimu alijishika kichwa, akafuta ubao, akatutaka radhi, akatuandikia sentensi nyingine isiyokuwa na chakula ndani yake: I have been waiting since morning. Akasema hii ni ya jambo lililoanza huko nyuma na mpaka sasa linaendelea. Sisi husema nangoja tangu asubuhi, basi, na kila mtu anaelewa kwamba bado nipo nangoja. Mwingereza hatosheki. Ataka have, ataka been, halafu ataka mkia wa ing mwishoni. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema "I have been," nikakwama. Nikaanza tena, "I have been," nikakwama palepale, kama punda aliyegoma mlangoni. Tangu siku ile wasichana wenzangu waliniita Havubini. Nikipita na ndoo ya maji husikia nyuma yangu, "Havubini, maji yamekuwa yakimwagika." Nami hutembea mbio kidogo, na maji yakamwagika kweli.

Lakini sentensi zile mbili nilizipenda. Nilizirudia jikoni, nilizirudia nikifua. Nikimpikia bibi nilisema peke yangu, she has been sleeping, the rice has been boiling, mpaka ulimi ukazoea. Siku nyingine nilimfuata mwalimu mlangoni wenzangu walipokwisha toka, nikamwuliza kama mtu aweza kusema I have been being ashamed. Alitabasamu, akasema hapana, sema I have been ashamed. Kuona haya ni hali, alisema, si tendo. Haikubali mkia wa ing. Nilimshukuru, nikaenda zangu, lakini sikukubali moyoni. Haya kwangu ni kazi. Naifanya kutwa, kama mtu anayetwanga.

Sasa nirudi kwa bibi.

Bibi alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia ambayo bwana harusi huivaa akatembea shingo imenyooka. Watu walitoka Lamu kuja kumwagiza. Kisha akawa anakosa tundu la sindano. Kisha akawa anashona kwa kupapasa, na kofia zikatoka pande. Mwisho aliiweka sindano ndani ya kikopo, akanipa kikopo, na hakukiulizia tena. Neno moja tu alikuwa akilirudia. Kwa lugha yetu macho ni mato, naye husema, "Mato yangu yalifunga wewe ukiwa kitoto. Sasa nasikia sauti ya mwanamke nyumbani kwangu, na sijui ana uso gani."

Habari ikaja kwamba madaktari wa macho kutoka ng'ambo watakuwa Lamu kwa siku chache, na wenye mtoto wa jicho watapasuliwa bure. Baada ya hapo haijulikani watarudi lini, pengine wasirudi. Mama alikuwa na homa. Bibi akasema, "Atanipeleka huyu. Huyu ana Kizungu, atanisemea." Alilisema barazani mbele ya majirani, kwa majivuno, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikitamani sakafu inimeze.

Boti za kwetu hufuata maji kujaa, kwa hiyo ilitubidi tuondoke siku moja kabla, tulale Lamu. Tulikula wali mchana, tukaondoka. Na panapofaa kulala palikuwa mahali pamoja tu: nyumba ya wakwe wa dada yangu. Posa ilikuwa imekubaliwa, harusi ilikuwa bado. Ilikuwa nyumba ya watu wa mji, ya ukuta mnene na milango ya kuchongwa, na kuwa wageni wao kulikuwa heshima na mtihani kwa pamoja.

Hapa lazima niwaeleze jambo, kwa wale ambao si wa kwetu. Bibi alitulea kwa sheria moja kuhusu chakula cha watu. Alisema, "Ukiulizwa umekula, umekula." Hata kama tumbo linanguruma, umekula, alhamdulillah. Mwenye kuuliza naye anajua kwamba hujala. Atauliza tena, utakataa tena. Mara ya tatu hataki jibu, atakushika mkono akuketishe kwenye sinia, nawe utakula kwa shingo upande kama unayemfanyia hisani. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayeiita uongo. Na kwa wakwe ni zaidi. Kwa wakwe, kabla ya harusi, kuonekana una njaa ni kumuuza binti yako kwa bei ya chini. Njaa bibi huiita ndaa, na kwa jinsi anavyolitamka neno hilo kwa sauti ya chini, ungedhani ni ugonjwa wa kuficha.

Mama wa bwana harusi alikuwa ametoka, kuna msiba mtaa wa pili, amekwenda kukesha na wafiwa. Aliyetupokea ni mke wa mwanawe mwingine, kijana, mzaliwa wa Mombasa, mcheshi, simu mkononi. Alitukaribisha vizuri sana. Harufu ya samaki wa kupaka ilikuwa imejaa uani.

"Bibi, mmekula?" aliuliza.

"Tumekula, alhamdulillah," bibi akajibu.

"Haya, basi mpumzike, mmechoka na safari," akasema, akafunika kwa kawa sinia lililokuwa limeandaliwa, akalibeba.

Nilimtazama mgongo mpaka akaingia jikoni. Nilingoja arudi aulize mara ya pili. Bibi naye alikuwa amekaa wima, ametega sikio, mikono juu ya magoti. Hakurudi. Kwao Mombasa, nadhani, mtu akisema amekula, amekula. Hakuwa na ubaya hata chembe, na baadaye alipoambiwa alilia.

Alfajiri alitugongea mlango, akauliza kama tumeshakunywa chai. Hata leo najiuliza alifikiri tungeinywa wapi. Bibi akasema, "Tumeshakunywa, mwanangu, Mungu akuweke." Kisha akanyoosha kiganja, nami nikampa kidonge chake cha sukari, akakimeza kwa maji. Nilijua kidonge kile chataka chakula nyuma yake. Muuguzi wa kwetu alinieleza wazi, akarudia, akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Nilisema moyoni kwamba tutapata kitu njiani. Lakini mama wa bwana harusi alikuwa amerudi kutoka msibani, na kwa wema wake akasema atatusindikiza mwenyewe mpaka hospitalini. Alitembea na sisi kila hatua, amemshika bibi mkono wa pili. Tulipita mwenye mahamri ya moto, na hakuna kati yetu aliyegeuza shingo.

Hospitalini benchi lilikuwa limejaa watu wa visiwa vyote, wengine tunafahamiana. Mama wa bwana harusi alikaa karibu yetu. Tulingoja mpaka jua likafika miguuni. Zamu ilipofika tuliingia bibi na mimi, lakini mlango ulikuwa pazia tu, na benchi lilikuwa upande wa pili wa pazia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele nyeupe na macho ya huruma. Muuguzi alikuwa kijana wa bara. Daktari aliniuliza, "How long has she been losing her sight?" na nikaisikia ile sentensi, sentensi yangu ya jikoni, inatoka katika kinywa cha Mzungu wa kweli. Sikukwama. Nikasema she has been losing it for many years. Aliuliza kama bibi amekuwa akitumia dawa yoyote, nikasema she has been taking tablets for sugar. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sauti yangu ilimfika mtu bila yeye kusogea.

Kisha akauliza, "Has she eaten this morning?"

Nikamgeukia bibi. Wala sikuhitaji kumfasiria. Neno hilo amelisikia jikoni nikilirudia mara nyingi. "Mwambie nimekula," akasema, kwa sauti ya kutosha kupita pazia.

"Yes," nikasema, "she has eaten."

Daktari akaandika. Akaniambia Kiingereza changu ni kizuri sana, nimekisoma wapi. Nikainamisha kichwa kwa furaha. Katika mambo yote ya siku ile, hiyo furaha ndiyo inayoniunguza zaidi nikiikumbuka.

Walimbandika bibi karatasi juu ya jicho la kupasuliwa, wakatuweka kwenye viti vya ndani kungoja. Tulikaa. Baada ya muda mkono wake ulianza kutetemeka ndani ya mkono wangu. Nikafikiri ni hofu. Kisha ukalowa jasho, na jasho lilikuwa baridi. Nikamwita, akaniitikia polepole kama mtu aliye mbali. Aliniuliza kama boti imefika. Nikamwambia, Bibi, tuko hospitali. Akasema, "Aa, kweli," halafu baada ya kitambo akauliza tena kama boti imefika.

Nilimwita muuguzi, naye akamwita daktari. Daktari alimshika mshipa, akamtazama uso, akasema na muuguzi kwa haraka. Nilielewa nusu. Alisema huenda amekuwa akitetemeka kwa hofu, huenda ni moyo, na kwamba mtu wa hali hii hawezi kupasuliwa leo. Akaagiza kipimo cha sukari kiletwe kutoka chumba kingine, ambako kulikuwa na foleni yake. Tena akaanza kuibandua ile karatasi juu ya jicho la bibi, taratibu, kwa kidole kimoja. Nilipoiona karatasi ile inainuka niliona kila kitu kinaondoka nayo: kofia, sindano ndani ya kikopo, na uso wangu ambao hataujua kamwe.

Daktari akanigeukia. "Are you sure she has eaten?"

Bibi, pamoja na hali yake ile, alinikaza mkono. Alikuwa amesikia lile neno. Nje ya pazia nilimsikia mama wa bwana harusi akizungumza na mtu. Nikafikiri: nikisema hajala, nimesema tulilala na njaa katika nyumba ya watu hawa. Nimemvunjia dada yangu posa. Nimemfanya bibi mwongo mbele ya visiwa vyote. Na nikinyamaza, mkono huu utazidi kuwa baridi.

Ndipo nikaona Kiingereza kama chumba kidogo chenye mlango. Ndani yake niliweza kulisema, na walio nje wasisikie. Nikamsogelea daktari, nikasema chini kabisa, "She has not eaten. We have not eaten since yesterday."

Daktari alinitazama kidogo tu, akageuka. Lakini muuguzi alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwema, na alisema kwa Kiswahili, kwa mshangao wake wote, "Ati shosho, huyu bibi, hajakula tangu jana? Na amemeza dawa ya sukari? Kwani mlilala wapi nyinyi?"

Nje nilisikia benchi likilia, watu wanageukia pazia.

Walimletea bibi chai yenye sukari nyingi, na muuguzi akamnywesha kijiko baada ya kijiko, huku akinigombeza bila kupumua. Kipimo kilipokuja kilionyesha sukari imeshuka sana. Rangi ilimrudia bibi usoni. Akili nayo ikamrudia, na ilipomrudia aliachia mkono wangu.

"Umenivua nguo," akasema.

Hakupandisha sauti. Nilipochungulia nje ya pazia kumtafuta mama wa bwana harusi, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi. Bi mmoja wa kijiji cha jirani akanieleza kwamba aliinuka maneno yale yaliposemwa, akavuta buibui yake usoni, akaenda zake bila kuaga. Yule bi alinitazama kwa namna ya mtu anayejua atakachosimulia jioni.

Nilirudi nikakaa karibu na bibi, si karibu sana. Nilikuwa nimemaliza kila kitu kwa sentensi mbili. Nilijaribu kufikiri nitamwambia nini dada yangu. Daktari alikuja akasema kitu kuhusu kungoja, kuhusu mtu wa mwisho kama hali itatulia, nami nikamjibu yes, bila kujua nimekubali nini.

Hatukukaa sana. Pazia likafunguliwa, na mama wa bwana harusi akaingia, anahema, uso umeiva kwa jua. Nyuma yake alikuwa yule mke wa mwanawe, macho mekundu, amebeba sinia juu ya kichwa. Muuguzi alitaka kusema hapa si mahali pa sinia, akamtazama yule mama, akaghairi. Sinia likawekwa juu ya kiti. Kulikuwa na mahamri, mbaazi za nazi, na yule samaki wa kupaka wa jana.

Bibi aliinua kichwa kwa harufu. Akafungua kinywa, na mimi nikajua neno litakalotoka.

Mama wa bwana harusi akamwahi. "Siulizi, mamangu," akasema. "Mimi siulizi mtu leo." Akakata hamri, akalichovya, akalitia bibi kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyolishwa mtoto. Bibi akatafuna. Machozi yalikuwa yakimtoka na akaendelea kutafuna. Kisha yule mama akanigeukia mimi, akanionyesha sinia kwa kidevu. Nilikula nimeuficha uso ukutani. Nilikula kama mtu ambaye hajala tangu jana.

Bibi alipasuliwa wa mwisho siku ile. Tulilala tena kwa wakwe, na safari hii tuliwekewa sinia bila neno, na bila neno tukala. Hakusema na mimi. Nilimvua viatu, nilimwekea maji ya udhu, akapokea kila kitu kutoka mkononi mwangu kama anayepokea kutoka kwenye rafu.

Kesho yake asubuhi yule daktari alimfungua bendeji. Bibi alipepesa. Alitazama ukuta, alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuzageuza kama si yake. Halafu akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu hata nikainama, akaniinua kidevu kwa kidole.

"Kumbe una uso wa mamako," akasema. "Tena umekonda." Kisha, kwa sauti ileile ya chini anayoitumia kwa jambo la kuficha, akaniuliza, "Umekula?"

Nilikuwa nimekunywa chai na vipande viwili vya mkate. Lakini nilipofungua kinywa sikujua jibu ni lipi. Nikisema nimekula, ataniamini? Nikisema sijala, nitakuwa nimemvua nguo tena? Nilisimama pale nimeng'ang'ania ncha ya leso, na daktari anatutazama, anangoja nimfasirie, akidhani tunazungumza habari za jicho.

"Nimekula, Bibi," nikasema. "Kweli."

"Kweli," akarudia, kama anayeonja neno geni.

Dada yangu aliolewa. Posa haikuvunjika. Katika harusi wanawake wa upande wa bwana walipotuletea masinia walikuwa wakiulizana kwa sauti, "Jamani, wageni wamekula?" na wenzao wakaitikia, "Wamekula, alhamdulillah," kisha wote wakacheka. Ni mzaha wa mapenzi, najua. Umefika mpaka Matondoni, umefika mpaka Kiwayu, na yule mke kijana ndiye anayeuigiza vizuri kuliko wote, hata sauti ya bibi anaitoa. Bibi hacheki. Anashona tena, kofia ya bwana harusi aliishona yeye, na akiniita nimtungie uzi hunitazama usoni kwanza. Lakini siku ile hatujaizungumza. Majirani wakiuliza habari za hospitali, husema walimfanyia vyema, akarudi kwenye sindano yake.

Wasichana hawaniiti tena Havubini. Darasani mwalimu, ambaye naye alikuwa amesikia, alitaka nisimame niwaeleze wenzangu jinsi Kiingereza kilivyonisaidia. Nilisimama. Sauti haikutoka. Nikakaa. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba sentensi yangu ya kwanza kwa daktari kuhusu chakula haikuwa na kosa hata moja, na kwamba ya pili ndiyo iliyomwokoa bibi, na kwamba naona haya kwa zote mbili, sijui ipi zaidi. Bado sijui. Ndiyo maana ninaandika, polepole hivi, kwa hati hii.

Basi nawaomba nyinyi mliosoma mpaka hapa mniandikie, hata mistari michache, hata kama hati zenu ni mbaya kuliko yangu. Mwenye kupiga chapa atanifikishia. Niambieni kwenu mtu akiulizwa kama amekula hujibu vipi, na mngekuwa mahali pangu, mkono wa bibi yenu ndani ya mkono wenu, mngesema nini. Mnieleze na kama kweli haiwezekani kuiwekea haya ule mkia wa ing. Nitasoma polepole, lakini nitasoma zote, na zile ambazo hazina aibu ndani yake nitamsomea bibi.